Sungura Hasusi

Kususa ni tabia ya watu. Mtoto hususa uji kwa sababu kaka yake kapewa andazi kubwa zaidi. Mgeni hususa pilau kwa sababu hakukaribishwa kwa uso mkunjufu. Na wote wawili wanajua kwamba wakibembelezwa kidogo watakula. Sungura hana ujuzi huo. Ukikuta asubuhi matembele ya jana yapo palepale, yamenyauka bila kuguswa, naye kajikunyata pembeni akikutazama kwa nusu jicho, usiseme "leo kasusa". Sungura aliyeacha kula anaumwa, na huko kuacha kula kwenyewe ni ugonjwa wa pili unaopanda juu ya ule wa kwanza.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuyatamka maneno hayo hayo. Ilikuwa Januari, Dar es Salaam, joto limeshika, na sungura wetu wa nyumbani, Kashata, hakuigusa sahani yake. Mimi nilikuwa nawahi daladala. Nikamwambia binti yangu, "Mwache, njaa ikimshika atakula." Niliporudi jioni, sinia la chini ya kizimba lilikuwa safi kama lilivyoachwa alfajiri. Wakati ule sikujua kwamba sinia safi ni habari mbaya kuliko sahani iliyojaa.

Hesabu saa, kisha kagua sinia

Tafuta mara ya mwisho mtu yeyote nyumbani alipomwona sungura akitafuna kwa hakika. Usihesabu tangu ulipogundua wewe, hesabu tangu alipoacha yeye. Waulize watoto, muulize dada wa kazi, muulize anayefagia banda. Sungura mzima hula kidogo kidogo mchana na usiku, zaidi alfajiri na magharibi, na mdomo wake haupumziki muda mrefu. Kwa sungura mkubwa, muda wa saa 10 hadi 12 bila kula na bila kutoa kinyesi ni dharura ya daktari. Ikiwa amelala ubavu, anapumua kwa shida au tumbo limevimba, hata hizo saa 10 usizingoje.

Watu wengi huanza na mdomo: wanampitishia karoti puani, akiinusa wanafurahi. Mdomo wa sungura hudanganya. Mgonjwa anaweza kunusa jani, akalishika kwa meno, hata akalitafuna mara mbili, kisha akaliangusha. Kinyesi hakidanganyi. Sungura mwenye afya hutoa vidonge 200 hadi 300 kwa siku, mviringo, vikavu, vinavyolingana ukubwa, na ukikipasua kimoja unaona nyuzi za nyasi ndani kama vumbi la mbao. Tumbo linapoanza kulegea, vidonge hupungua kwanza, vinakuwa vidogo kama pilipili manga, vyeusi, vigumu, vingine vimeungana kwa nywele kama ushanga mbovu. Mwishowe havipo kabisa. Ukijizoeza kulisoma sinia kila siku, utajua sungura wako anaumwa siku moja kabla hajaikataa sahani.

Kuna kinyesi kingine kinachowachanganya wageni wa ufugaji: laini, cheusi, kinachong'aa, kimeshikana kama kichala cha zabibu, chenye harufu kali. Hicho si kuhara. Kinatoka kwenye mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, ambako bakteria huchachusha majani, na sungura hukila moja kwa moja kutoka nyuma, mara nyingi usiku au alfajiri, ili apate vitamini na protini iliyobaki humo. Mwenye afya humaliza chote, kwa hiyo hukioni. Ukianza kukiona kimekanyagwa sakafuni, ama chakula chake kimezidi wanga na sukari, ama ana maumivu au unene unaomzuia kujikunja.

Kwa nini haraka yote hii? Utumbo wa sungura husukumwa na nyuzinyuzi ngumu za nyasi. Nyasi zikiacha kuingia, msukumo unapungua, vilivyomo ndani vinakauka na kuganda, bakteria wema wanapungua, wabaya wanazidi, gesi inajaa, gesi inauma, na mwenye kuumwa tumbo hali. Umeona mzunguko ulivyofunga? Tena sungura hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna njia ya kupunguza mzigo kwa juu. Na mwili ukikosa chakula huanza kuvunja mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini. Kwa sungura mnene ini hujaa mafuta hayo hadi likashindwa kazi, pengine ndani ya siku mbili tatu. Yule bonge unayejivunia mbele ya wageni ndiye wa kuhofiwa zaidi.

Zamani lawama zote zilibebeshwa nywele: sungura hujilamba, humeza nywele, nywele humziba. Ndiyo maana bado kuna watu wanaoshauri maji ya nanasi ili "kuyeyusha". Nanasi haliyeyushi nywele. Sungura wote humeza nywele, nazo hupita salama ndani ya tumbo lenye maji na nyasi za kutosha. Zikiganda, mara nyingi ni kwa sababu tumbo lilikwisha kusimama. Ukimpa nanasi umemwongezea sukari tu.

Mguse tumbo kabla ya kumlisha

Mtazame kwanza bila kumbeba. Maumivu ya sungura hayana kelele. Huyu ni mnyama ambaye porini akionyesha udhaifu analiwa, kwa hiyo huficha mpaka anashindwa. Mwenye maumivu ya tumbo hukaa amejikunja kama mpira, macho yamefifia, au hulala akiukandamiza mwili sakafuni, akainuka, akabadili mkao, akalala tena. Sikiliza meno. Kuna msago mwepesi wa raha anapopapaswa kichwa, na kuna msago mzito, wa kukwaruza, ambao ni wa maumivu. Ukishausikia huu wa pili hutauchanganya tena na ule wa kwanza.

Shika masikio. Yakiwa baridi kama jani la mgomba asubuhi, mwili unapoa. Kama una kipimajoto cha kidijitali na ujasiri kidogo, mpakate, mtu mwingine amshike mabega, paka ncha mafuta ya vaselini na uingize nyuma kiasi cha sentimita 2, bila nguvu. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 40. Kwetu binadamu 39 ni homa, kwake ni afya. Chini ya 38 ni hatari, na sungura baridi halishwi mpaka apate joto. Juu ya 40.5, hasa Dar, Tanga au Mombasa mwezi wa Januari na Februari, fikiria kwanza kwamba jua limempiga: mpeleke kivulini penye upepo, lowesha masikio kwa maji ya kawaida, usimtumbukize kwenye ndoo wala usimwekee barafu mwilini.

Sasa tumbo. Pitisha vidole taratibu nyuma ya mbavu, hasa upande wa kushoto ambako ndiko tumbo la chakula liliko. Tumbo la kawaida ni laini. Tumbo lililosimama huhisi kama unga uliokandwa. Lakini likiwa limevimba na kuwamba kama ngoma, naye amelegea, masikio baridi, ufizi umepauka, hapo huenda njia imezibwa kabisa, na gesi na maji vinajaa nyuma ya kizuizi. Huyu usimlishe chochote kwa mdomo. Chakula kinachoingia pasipo na pa kutokea kinaweza kumuua. Huyu anahitaji daktari sasa hivi, na hata huko wengine hawaponi. Ndiyo maana nasisitiza tumbo liguswe kabla sirinji haijashikwa. Karibu kila kosa kubwa la nyumbani linaanzia hapo.

Wakati unatafuta daktari

Namba ya daktari ipigwe kwanza, mengine yafuate. Huduma ya kwanza ni ya kununua muda, haichukui nafasi ya tiba.

Mpe joto kama amepoa: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga mara mbili, iwekwe ubavuni pake pawe na nafasi ya kusogea mbali akizidiwa. Mpe utulivu: zima redio, watoe watoto, mfungie mbwa. Kama ana mwenzake aliyezoeana naye, usiwatenganishe. Upweke unamwongezea hofu. Weka maji kwenye bakuli zito hata kama amezoea chupa ya kunyonya, kwa sababu mgonjwa hunywa vizuri zaidi akiinama. Mletee vitu vyenye harufu: giligilani (ndiyo kotmiri ya Waswahili wa pwani na dania ya Wakenya), majani ya karoti, ukoka mbichi uliokatwa sasa hivi. Akila hata jani moja kwa hiari ni bora kuliko sirinji nzima. Mwache pia atembee akitaka, maana miguu ikisogea utumbo husogea.

Kama tumbo si ngoma, joto liko sawa, anameza vizuri, na daktari yuko mbali au amekuruhusu, mlishe kwa sirinji. Kwingineko kuna unga maalumu wa sungura wagonjwa. Kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Badala yake chukua pelleti zake za kawaida, zitwange au zisage kwenye blenda ziwe unga, loweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka upate rojo linalopita kwenye sirinji. Pelleti hazipo? Saga majani laini anayoyajua na maji kidogo. Nakuomba sana usichukue uji. Uji wa sembe, uji wa ulezi, uji wa lishe wenye karanga, maziwa, yote hayo ni wanga, sukari na mafuta kwa tumbo linalohitaji nyuzi, na bakteria wabaya watakushukuru.

Kipimo ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja, mara 4 kwa siku. Sungura wa kilo 2 basi apate 20 hadi 30 kila mlo. Anza na nusu ya hapo. Mweke juu ya meza, tumbo chini, miguu yote minne imekanyaga taulo, umemkumbatia kwa kiwiko. Kamwe usimlaze chali kama mtoto mchanga. Huingiwa na hofu kuu, na rojo huenda mapafuni. Nyuma ya meno ya mbele, pembeni mwa mdomo, kuna pengo lisilo na jino. Ingiza ncha hapo kwa upande, toa nusu mililita hadi moja, ngoja atafune na kumeza, ndipo uongeze. Atakutemea. Utachafuka mpaka kwenye nyusi. Mlo mmoja unaweza kuchukua nusu saa, na ukiuharakisha utamkaba. Kwa rojo zito sirinji nyembamba huziba. Tumia ya mililita 10 iliyokatwa ncha, kisha isugue ukingo kwenye saruji isije ikamchubua. Baada ya kila mlo gusa tena tumbo. Likianza kujaa na kukaza, acha.

Matone ya simethikoni wanayopewa watoto wachanga wenye gesi hutumiwa na wafugaji wengi wa sungura. Hayana madhara makubwa, ila usiyategemee kumponya. Vitu vingine ni vya kukaa navyo mbali: mafuta ya nyonyo, mafuta ya kula ya kumwagia kooni "yateleze", soda ya kumfanya abeue (hawezi kubeua), na panadoli za nyumbani kwa kukadiria kwa jicho. Kibaya kuliko vyote ni vile vidonge vya rangi mbili vya amoksilini ambavyo kila nyumba ina mabaki yake kabatini. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kumeza, klindamaisini na linkomaisini huua bakteria wema wa tumbo la sungura na kuwaachia uwanja wale wanaotoa sumu. Sungura aliyekuja na mafua akanyweshwa amoksilini anaweza kufa kwa kuhara, na mwenyewe akabaki anasema mafua yalikuwa makali.

Kwa daktari

Daktari wa kwanza niliyempigia aliniuliza kwa nini simchinji. Simlaumu sana. Madaktari na maofisa mifugo wetu wengi wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na kwa wengi wao sungura ni kitoweo kilichochelewa. Kwa hiyo uliza bila haya, mapema kabla hujapatwa na shida: "Shikamoo daktari, umewahi kutibu sungura wa ndani?" Akisema hapana, muombe akuelekeze kwa anayewajua. Aliye Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Aliye Nairobi anaweza kujaribu Kabete, kwenye kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Mikoani, anza na ofisa mifugo wa kata. Hata kama si mtaalamu wa sungura, atajua nani amsaidie.

Msafirishe kwenye boksi lenye matundu, chini taulo au nyasi, si mfuko wa rambo wala ndani ya begi. Bajaji ni afadhali kuliko bodaboda, kwa sababu ya upepo na mtikisiko. Mchana wa joto weka chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kitambaa upande mmoja wa boksi. Chukua vidonge vya kinyesi vya mwisho ulivyopata kwenye mfuko mdogo, usione aibu, daktari mzuri atafurahi kuviona kuliko kukusikiliza. Mwambie umri, uzito, alikula nini wiki nzima, alianza lini kupungua, na dawa yoyote uliyompa, hata ile unayoona haya kuitaja.

Mengi ya matibabu utayaelewa. Atamgusa tumbo, atamtazama meno ya mbele na kwa taa atayachungulia magego. Atampa maji kwa sindano chini ya ngozi au kwa dripu, maana tumbo lililokauka halisogei. Atampa dawa ya kutuliza maumivu, mara nyingi meloksikamu, na hii naiona kuwa nusu ya tiba, kwa sababu maumivu yakipungua hamu ya kula hurudi. Akihakikisha njia haijazibwa anaweza kuongeza dawa ya kuusukuma utumbo. Penye eksirei, picha humwonyesha kama ndani kuna gesi tu au kizuizi. Akiandika antibayotiki ya kumeza, muulize kwa adabu kama inafaa sungura. Wewe ndiye mwenye mnyama. Swali hilo halimvunjii mtu heshima.

Kashata alikuwa na bahati. Mdomo wake ulikuwa mzima, tumbo lake la unga, na joto lake lilikuwa limeshuka kidogo tu, 37.8. Alipewa joto, maji, dawa ya maumivu, na mimi nikapewa sirinji na maelekezo ya usiku mzima.

Kilichomkosesha hamu

Tumbo kusimama karibu siku zote huwa na chanzo nyuma yake, na usipokitafuta utarudi kwa daktari mwezi ujao. Chetu kilikuwa aibu tupu. Ilikuwa likizo, nyumba imejaa binamu, na kila binamu alikuwa na biskuti, kipande cha chapati, ndizi. Wiki nzima Kashata alikula kama bwana harusi. Nyasi akaziacha. Juu ya hapo bakuli lake la maji lilipinduka na hakuna aliyeliona kwa muda nisiopenda kuukadiria, katika joto lile.

Ukianza uchunguzi wako, chakula kiwe mtuhumiwa wa kwanza. Ugali uliobaki, mkate, pumba nyingi, karoti kila siku: vyote hivi mtu huvitoa kwa mapenzi. Kubadili ghafla nako ni tatizo, na hapa msimu una mkono wake. Mvua za masika zikianza, yale majani makavu ya kiangazi yanageuka laini yaliyojaa maji, na sungura anabadilishiwa chakula bila mtu kukusudia. Changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Majani yaliyokatwa yakarundikwa kwenye gunia mpaka yakapata joto, usimpe. Yaliyokatwa kando ya barabara au kando ya shamba lililopuliziwa dawa, usimpe. Majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo, na ua la lantana ni sumu kwake.

Meno ni mtuhumiwa mkubwa wa pili, hasa kwa wale wanaolishwa pelleti na vyakula laini. Meno ya sungura, yote 28, hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kwa wiki. Nyasi ndizo tupa yake. Bila nyasi magego hutokeza ncha kali zinazokata ulimi na shavu, na utaona udenda kidevuni, chakula kinachukuliwa na kudondoshwa, au anachagua laini na kuacha gumu. Usiyakate wewe kwa mkasi wa kucha. Jino hupasuka mpaka mzizini.

Halafu hofu. Mbwa aliyezunguka kizimba usiku, fataki za mwaka mpya, spika za harusi ya jirani hadi majogoo, kuhamishwa nyumba, kufiwa na mwenzake. Jike aliye karibu kuzaa, mimba yao ni siku 31 hivi, hupunguza kula siku ya mwisho na kujinyofoa manyoya ya kutandika kiota. Kupunguza ni sawa, kuacha kabisa si sawa, na kwa jike mnene ni hatari kwelikweli. Kumbuka pia kama kuna mtu amempulizia dawa ya viroboto ya mbwa: zenye fipronili ni sumu kwa sungura.

Kitoto cha sungura kati ya mwezi mmoja na minne, chenye tumbo kubwa na kuhara, kina kisa kingine. Hapo fikiria koksidia, vijidudu vya utumbo na ini vinavyomaliza vitoto vya banda zima. Kinyesi kipimwe, iwe kwa daktari au kwenye maabara ya mifugo kama ile ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) pale Temeke, Dar es Salaam, kisha dawa kama amproliamu itolewe kwa kipimo cha daktari, na banda likauke.

Siku za kurudi

Usitegemee muujiza wa asubuhi moja. Kidonge cha kwanza kwa kawaida huwa kidogo, kigumu, pengine kimefunikwa ute. Kwetu kilitoka saa tisa usiku. Nilikiokota kwa vidole nikakiangalia kwenye taa ya simu kama mtu aliyeokota lulu. Endelea na sirinji mpaka ale mwenyewe mlo wa kawaida, hata ikichukua siku tatu au tano. Ukiacha mapema kwa sababu ameuma jani moja, anarudi alikokuwa. Mpime uzito kila siku saa ileile kwenye mizani ya jikoni. Uzito ukizidi kushuka huku akionekana anatafuna, hatafuni kitu cha maana.

Kisha panga upya sahani. Nyasi ziwe karibu zote: rundo kubwa kama mwili wake kila siku, mbichi au kavu, ukoka, mabingobingo machanga, nyasi za Rhodes kama unaishi zinakouzwa kwa robota. Unaweza kukausha mwenyewe. Kata kabla hazijatoa maua, tandaza kivulini penye upepo, geuza asubuhi na jioni mpaka zilie chakacha, hifadhi mahali pakavu. Zikiwa na ukungu tupa. Mboga za majani konzi moja au mbili, pelleti si zaidi ya gramu 25 kwa kila kilo yake, tunda kipande cha ukubwa wa kidole gumba, tena si kila siku. Maji mabakuli mawili, ili moja likipinduka jingine libaki.

Andaa na kikapu kidogo cha dharura sasa hivi akiwa mzima: sirinji mbili, kipimajoto, kopo la pelleti zilizosagwa, taulo, namba ya daktari imeandikwa kwenye karatasi. Cha kwetu kiko jikoni juu ya kabati la viungo. Binti yangu ndiye aliyejitwalia kazi ya sinia. Ana daftari la kurasa 40, na kabla ya kwenda shule huinama, huhesabu mpaka anapochoka, kisha huandika. Jana aliandika mstari mmoja tu: "Vingi. Vikubwa. Vikavu."